Mkebe wa Jaja Kwenye Ramani ya Vyoo

Mimi ni mtu wa kusalimia kwa kichwa. Mgeni akija nyumbani naingia chumbani na kujifanya nimelala, hata kama ni saa nne asubuhi. Mwalimu akiniuliza swali, jibu linapanda mpaka kooni, linakaa hapo kidogo, kisha linarudi lilikotoka. Lakini nipe karatasi uondoke, nitakuandikia mpaka rangi ya soksi zako. Niko kidato cha tatu na nimeshajaza madaftari manne ya mambo ambayo sikuweza kumwambia mtu.

Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyonipa kazi isiyokuwa yangu likizo iliyopita, na ndiyo yaliyofanya niiharibu.

Mama yangu ni Mkenya. Alikuja Kampala akiwa msichana, na kwa miaka mingi aliuza nguo za mitumba katika soko la Owino, sauti yake ikisikika kutoka safu ya viatu mpaka safu ya mapazia. Baba ni polisi, mtu wa kaskazini. Tangu mwaka jana yuko kituo cha mbali mpakani na tunamwona akipewa ruhusa. Lugha waliyokutana nayo hao wawili ni Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili ndicho cha nyumba yetu, ingawa majirani wengine, waliokizoea kwa askari, wakikisikia bado wanadhani wamekamatwa. Tunakaa chini ya Kansanga, upande wa mteremko. Mvua ikinyesha, watu wa juu kwenye lami wanafungua miavuli. Sisi wa chini tunapandisha magodoro juu ya meza.

Mwaka huu magoti ya Mama yalikataa Owino, akapata kibarua kwenye mradi wa jiji wa kuchora ramani ya vyoo. Sitanii. Wenye mradi walitaka kujua kila choo cha shimo kiko wapi, kinatumiwa na nyumba ngapi, kimejaa au bado, na gari la kunyonya litapita wapi kukifikia. Kila choo kingekuwa doti kwenye ramani. Doti nyekundu, kimejaa. Kijani, bado. Na ramani ikishakamilika ingefunguliwa kwa kila mtu mwenye simu, ili hata mpangaji aone choo chake kiko kwenye foleni gani. Wanaocheka hawajawahi kuishi bondeni. Choo kilichojaa kikikutana na mvua kubwa, hakibaki chooni.

Mama alipewa tableti, kizibao cha rangi ya chungwa, na karatasi ya kusaini. Karatasi ilisema tableti ni ya aliyesaini, asipewe mtu mwingine. Mama alisaini. Nilikuwa nimekaa pale pale namwona.

Shida ni kwamba Mama akiandika kwenye kioo anatumia kidole kimoja, kama kuku anayedonoa, na kila herufi anaiambia kitu. "Wewe M, uko wapi? Njoo." Siku ya tatu alirudi na vyoo vinne tu, na vyote vinne alikuwa ameviweka katikati ya barabara ya lami.

"We msichana," akaniambia, "si uko bure? Njoo ushike hiki kitu. Mimi nitaongea."

"Lakini Mama, ile karatasi."

"Karatasi ilisema mtu mwingine. Wewe ni mtu mwingine? Si wewe ni mimi tu?"

Basi tukagawana. Mama akawa mdomo, mimi nikawa vidole. Sijui kama nitawahi tena kupata kazi inayonifaa hivyo. Yeye anaingia uani kwa sauti, "Wenyewe mko? Sisi ni wa vyoo!" na watu wanacheka kabla hawajakataa. Mimi nakwenda moja kwa moja chooni, nasimama karibu na mlango, na kungoja setilaiti.

Hilo la kungoja lina mambo yake. Tableti inachora duara kubwa kuzunguka mahali uliposimama, halafu duara linapungua polepole kadiri inavyopata uhakika. Kina Mama waliambiwa wasibonyeze mpaka liwe dogo kabisa. Karibu na mabati linachelewa. Kwa hiyo unakaa pale, umeshika kioo mbele ya mlango wa choo cha watu, kimya.

"Nyabo, bibie, mnangoja nini hapo?" mwanaume mmoja aliwahi kuuliza kutoka ndani.

"Tunangoja setilaiti," Mama akajibu.

"Basi iambieni setilaiti kuna mtu."

Baada ya duara linakuja fomu. Maswali mengi yalikuwa ya kuchagua tu: bati au tofali, ndiyo au hapana. La mwisho lilikuwa na sanduku tupu la kuandika, na juu yake maneno "Namna ya kufika na kuingia." Msimamizi wa mradi alikuwa amewaambia kina Mama waandike kwa lugha ambayo madereva wa magari ya kunyonya wanaielewa, na madereva wengi hapa mjini Kiswahili wanakijua. Sanduku lile halikuwa na mwisho. Nililijaribu. Unaandika, nalo linarefuka.

Sasa lazima nieleze habari ya funguo. Vyoo vya huku vinafungwa kwa kufuli, kwa sababu watu wanaoshuka kutoka baa za Kabalagala hawana adabu na mlango ulio wazi. Kufuli ni moja, nyumba ni tatu au nne, kwa hiyo ufunguo unafichwa mahali ambapo wote wa ua ule wanapajua na wengine hawapajui. Kila ua una mahali pake. Mama akishachekesha watu, mtu mmoja anakwenda kuutoa, na mimi namwona anapokwenda. Wengine walinionyesha wenyewe. Msichana mpole, kimya, anaandika. Nani atamwogopa?

Na mimi nikaandika. Fomu iliuliza namna ya kuingia, nami nilijibu namna ya kuingia. "Ufunguo uko chini ya tofali la tatu, ukitokea kwenye jiko." "Ufunguo uko kwa fundi viatu, lakini akigombana na mkewe anaondoka nao." "Ukikuta mbuzi amefungwa mlangoni, haina maana kuna mtu ndani. Mbuzi ni wa kudumu." Nikifika nyumbani nilikuwa nazikumbuka sentensi hizo moja moja na kutabasamu peke yangu. Katika madaftari yangu manne hakuna iliyokuwa inangojwa na mtu. Hizi zilikuwa zinangojwa na madereva.

Choo cha Jaja tulikichukua siku ya Ijumaa moja. Jaja si bibi yetu wa damu. Ni mjane wa mwanajeshi, Muganda, anakaa peke yake katika chumba cha mwisho nyuma ya nyumba yetu, na Kiswahili chake alikiokota kambini alikoishi na mumewe ujanani. Anakisema kama amri. Tangu nilipokuwa mdogo namchotea maji, naye ananipa karanga za kukaanga na ananiongelesha bila kudai nijibu, jambo ambalo watu wazima wachache wanaliweza. Mimi peke yangu, nje ya wale wapangaji wa ua wake, nilijua anapoweka funguo zake. Alinionyesha nilipokuwa darasa la tano. "Kama iko siku mimi nimekufa ndani," aliniambia, "hapana vunja mulango yangu. Mulango ni ya pesa."

Siku ile Mama alikuwa akizungumza na Jaja kuhusu bei ya ndizi. Mimi nikajaza sanduku mwenyewe, bila kumwuliza mtu.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, msimamizi aliwatumia waandishi wote kiungo kwenye kikundi chao cha simu. Ramani imekaribia. Itafunguliwa Ijumaa saa sita mchana. Itazameni, mtuambie kama kuna doti imekaa vibaya. Mama alifurahi kama aliyejengewa nyumba. Akachukua simu na kunivuta mkono mpaka kwa Jaja.

"Jaja! Choo chako kiko kwa ramani! Dunia nzima itakiona!"

"Dunia nataka choo yangu ya nini?" Jaja akauliza, lakini alisogea kwenye mkeka kutupa nafasi.

Mama akapanua ramani kwa vidole viwili mpaka mabati yetu yakaonekana kutoka juu, madogo, yenye kutu. Hapo ilikuwa doti ya Jaja, kijani. Akaigusa. Dirisha dogo likafunguka, na ndani yake, kwa herufi safi kama za kitabu, yalikuwepo maneno yangu.

Niseme ukweli. Kitu cha kwanza nilichokisikia kilikuwa fahari. Sijawahi kuona maneno yangu mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuyaona.

"Soma," Mama akasema. "Msomee Jaja. Hiki kitu ameandika huyu, Jaja, kwa mkono wake."

Kwa Jaja huwa naweza. Nikasoma.

"Choo cha pamoja, nyumba tatu. Mlango wa bati la bluu, usukume kwa bega." Jaja akacheka. "Ndiyo! Kwa bega!" Nikaendelea. "Ufunguo uko ndani ya mkebe wa majani ya chai, nyuma ya pipa la maji, chini ya kitambaa cha maua." Sauti yangu ilianza kupungua, lakini macho yalikuwa yameshatangulia na sikujua namna ya kusimama. "Usichanganye. Ufunguo mdogo ni wa choo, mkubwa ni wa nyumba ya Jaja. Jumatano, saa nane mpaka saa kumi, Jaja yuko kanisani. Usihangaike kubisha, jichukulie tu."

Jogoo wa jirani alipita katikati yetu kana kwamba ametumwa.

"Iko hapo hapo," Jaja akasema mwishowe. "Hujakosea hata kidogo." Kisha akamwuliza Mama, si mimi: "Na hii lamani, watu gani naona?"

Mama alikuwa ameshaweka simu kifudifudi juu ya mkeka. "Sasa hivi ni sisi wa kazini. Ijumaa... Ijumaa ni wote."

Jaja akainuka, ikamchukua muda, akaenda nyuma ya pipa. Tulisikia mkebe. Aliporudi funguo zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la nguo yake, na aliketi bila kunitazama. Hakunitukana. Afadhali angenitukana, ana matusi mazuri ya kambini. Alisukuma sahani ya karanga ikaenda kwa Mama.

Tulirudi nyumbani, Mama akaniketisha na tukagusa doti zote tulizochukua. Hamsini na kitu zilikuwa na mahali pa ufunguo. Kwenye nane nilikuwa nimeandika pia saa ambazo wenyewe hawapo, ili dereva asipoteze muda. Mama alikuwa anasoma huku amefunika mdomo, na mara moja, kwenye mbuzi wa kudumu, alicheka bila kutaka, halafu akakasirika kwa kuwa amecheka.

"Aki wewe," akasema. "Aki wewe mtoto. Unaandika kama mtu anayependa watu, na umewaanika wote juani."

"Tuseme kwa msimamizi," nikasema.

"Tutasema. Nitamwambia niliandika mimi."

"Atajua. Wewe unaandika 'choo hapa'."

Akakivuta kizibao, akakikunja mapajani. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na wote waliosaini ile karatasi walijua kuna mstari unaosema ukimpa mtu mwingine tableti unaondoka. Mama anapenda ile kazi. Siku za Owino sikuwahi kumwona akivaa nguo ya kazini mapema na kujitazama kwenye kioo, lakini kile kizibao alikuwa anakivaa kabla ya chai.

Jumatano asubuhi tulipanda mpaka kwenye ofisi ya mradi, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Msimamizi ni kijana mwembamba wa miwani. Mama anamwita bosi ingawa angeweza kumzaa. Akatukaribisha, akavuta viti, Mama akaeleza habari ya funguo yote vizuri, kwa mpango, na alipofika pale pagumu akasema, "Ni mimi niliandika, bosi. Nilisahau akili."

Msimamizi akamtazama, akanitazama. "Mama, wewe?"

"Mimi."

Jibu likanipanda kooni. Nalijua linavyofanya. Likakaa pale pale linapokaa siku zote, na nikahisi linageuka kurudi, na nikamwona Jaja akisukuma sahani.

"Ni mimi," nikasema. Ilitoka kubwa mno, nusura nipige kelele. "Tableti nilishika mimi. Kila neno. Yeye hakujua hata nilichoandika."

Mama akafumba macho. Msimamizi akageuza kompyuta yake akafungua ramani, akaanza kupitisha macho.

"Nilikuwa nazisoma zote," akasema baadaye. "Kazi yangu ni kukagua. Wenzenu wameandika 'ndiyo' na 'pita kushoto'. Nikichoka, nafungua zenu nacheka. Ile ya fundi viatu nilimsomea mke wangu." Akavua miwani. "Nilimsomea mke wangu," akarudia, polepole, na nikaona kosa limemfika na yeye.

Nilidhani atafuta sanduku lote kwa kubonyeza mara moja. Nikamwuliza, maana siku ile mdomo ulikuwa umeshafunguka. Akatikisa kichwa. "Nikilificha lote, dereva hatajua apitishe wapi bomba, na mvua zinakuja. Nikiliacha, kila mtu ana ufunguo wa kila mtu. Tuliwaomba watu choo. Hatukuwaomba ufunguo. Kwa hiyo tutasoma moja moja, na njia itabaki." Kisha akamgeukia Mama. "Na hii imeshafika kwenye simu za watu wa kikundi. Kufuta hakutoshi. Nani atawaambia wenye nyumba wahamishe funguo?"

Mama akainuka. "Mdomo ninao," akasema. Alivua kizibao akakiweka juu ya meza pamoja na tableti, akashuka ngazi bila kungoja kuambiwa.

Nikanyoosha mkono kuvuta kibodi. Msimamizi akaiondoa. "Wewe hugusi tena. Wewe unasoma, mimi nafuta."

Kwa hiyo mimi, mtu wa kusalimia kwa kichwa, nilikaa kwenye kile chumba siku mbili nikisoma kwa sauti. Nasoma sentensi, nasema, "Njia, ibaki," au, "Ufunguo, uondoke," au, "Hii ni habari ya mtu, haituhusu." Hizo za mwisho ndizo zilikuwa nzuri zaidi. Fundi viatu na mkewe wakaondoka. Mama mmoja niliyeandika kwamba anaimba anapofua, ili dereva amtambue, akaondoka. Mbuzi wa kudumu tulimjadili kwa muda. Msimamizi alitaka abaki. Nikasema kwamba ukishajua mbuzi yuko hapo kila siku, umejua mbuzi wa kuiba. Akapumua, akafuta.

Penye ufunguo tuliandika maneno mawili tu: Bisha hodi.

Jumatano ile nilirudi nyumbani saa kumi kasoro. Nikapita nyuma kama kawaida. Jaja alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wake, amevaa gomesi ya kanisani, ile ya zambarau, mkanda umefungwa vizuri, Biblia mapajani. Hakuwa amekwenda. Katika miaka yote niliyomjua hajawahi kukosa sala za Jumatano, hata mwaka ule alipougua malaria alikwenda akitetemeka. Alikuwa analinda mlango.

"Jaja," nikasema.

"Enda soma vitabu yako," akasema, si kwa ukali.

Usiku huo sikuandika kitu kwenye daftari. Nililifungua, nikalitazama, nikaliona kama fomu.

Alhamisi jioni tulimaliza. Mama naye alimaliza, miguu imevimba, sauti imekwisha kabisa, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa amebisha kila mlango. Wengine walimfokea. Wengine walicheka wakasema ufunguo huo hata mwizi mwenyewe anaujua. Yule wa tofali la tatu alimpa chai kisha akamwambia asirudi tena. Aliponieleza alinong'ona tu, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwa sauti siku mbili, mimi ndiye niliyekuwa naongea nyumbani kwetu. Tulichekeana kwa hilo, kidogo.

Ijumaa saa sita ramani ikafunguliwa. Nilikaa na simu, nikagusa doti moja baada ya nyingine. Pita kushoto kwenye mtaro. Bomba refu. Bisha hodi. Bisha hodi. Ilikuwa ramani nzuri, na hakukuwa na mtu ndani yake.

Nikaenda kwa Jaja. Siku zote naingia uani kwake bila kusema neno, nachota ndoo naenda. Siku ile nilisimama pembeni mwa ukuta nikasema, "Hodi."

"Nani?"

Ananijua hatua zangu, huyo. Aliuliza tu nijibu.

"Ni mimi, Jaja. Tumefuta. Hakuna tena. Nimekuja kukwambia mwenyewe."

"Kwa lamani mumefuta."

"Ndiyo."

"Na kwa kichwa yako?"

"Kwa kichwa haifutiki, Jaja. Lakini sitasema."

Akafikiri. "Hiyo ni kweli," akasema. "Ungesema imefutika ningekufukuza. Leta ndoo."

Mama alipata barua ya onyo, na tableti hakurudishiwa. Mwisho wa mwezi msimamizi alimwita, tukajua ni kwaheri. Kumbe alitaka mtu wa kutangulia kwenye mitaa mipya kabla ya wenye tableti kufika, awaeleze watu kinachoandikwa na kisichoandikwa, na kwamba wanaweza kukataa. "Mtu wa mdomo," Mama akasema. Alikivaa tena kizibao. Siku hizi akianza kazi anawaambia watu kwanza wasimwonyeshe ufunguo, na wao, kwa kuwa wamekatazwa, wanazidi kutaka kumwonyesha.

Jaja alirudi kanisani Jumatano iliyofuata, funguo zikiwa kwenye pindo. Alizibeba hivyo kama mwezi, wapangaji wenzake wakimbishia hodi kila wakitaka choo, mpaka zikamchosha kiuno. Nilijua amezipatia mahali papya siku nilipoona anatembea bila kulia kama kengele. Sikuuliza.

Halafu mvua zilipokaribia, doti ya Jaja ikageuka nyekundu, na gari la kunyonya likaja. Nilikuwa nyumbani. Dereva na wenzake wawili walishuka wamevaa mabuti na glavu, dereva akatazama simu yake, akawapitisha wenzake na bomba kwenye mtaro upande wa kushoto, sawasawa na njia yangu, akafika nao kwenye kona ya ua na kusimama. Mtu mkubwa mwenye mabega. Akasema, kwa adabu kabisa, "Hodi."

Jaja akatoka. Akawapanga wote watatu kwa macho.

"Munataka choo?"

"Ndiyo, jaja. Ramani inasema tubishe hodi."

"Inasema vizuri. Sasa simama mustari moja." Wakasimama, wakidhani ni mzaha. Sauti ikamtoka Jaja ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya uwanja wa gwaride, iliyokaa kambini miaka yote ikimngoja: "Nyuma... geuka!"

Wakageuka. Wanaume watatu wenye mabuti, bomba mkononi, nyuso kwenye ukuta wa matofali. Mmoja wao alipiga mguu chini kabisa, lazima amewahi kuwa jeshini. Mama, aliyekuwa mlangoni petu, alijishika mbavu.

Na mimi nikageuka. Hakuna aliyeniambia. Niligeuka nikatazama shati la Baba, aliloliacha alipopewa ruhusa, kwenye kamba ya nguo, na nikasikia ndala za Jaja zikienda, zikisimama, kisha kitu fulani kikafunguliwa. Nilijua pale pale ni kitu gani, na kiko wapi. Masikio hayakuwa yamepewa amri.

Alipopita karibu nami akirudi na funguo, alinigonga kidogo mgongoni kwa kiwiko. Kiganjani mwangu akaacha karanga.

Nilichosikia nakijua. Hapa sikiandiki.